Mshairi Mbele ya Dola: Asili na Dhima ya Sanaa katika Falsafa ya Uyunani ya Kale, Kutoka Xenophanes hadi Aristotle

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wanafalsafa wa Uyunani ya kale walivyojadili asili na dhima ya sanaa kati ya karne ya 6 na karne ya 4 KK. Katika sura za nadharia za tasnifu za fasihi, mjadala huo aghalabu hufupishwa kuwa kauli mbili: Plato aliipinga sanaa, Aristotle akaitetea. Makala inadai kuwa ufupisho huo unaipotosha historia. Wanafalsafa hao wawili walikubaliana kwamba ushairi ni mwigo, kwamba una nguvu juu ya nafsi ya binadamu, na kwamba mji una haki ya kuuliza unawafanyia nini raia wake. Walitofautiana katika mambo mawili ya msingi: iwapo mwigo unaweza kuzaa ujuzi, na iwapo hisia zinazoamshwa na sanaa huidhoofisha nafsi au huitengeneza. Aidha, makala inaonyesha kuwa istilahi za Kiswahili zinazotumika kuueleza mjadala huo, hususan sanaa, mwigo na tanzia, si vyombo vitupu. Huja na maana zake, na mtafiti asipozichunguza humtia Aristotle kinywani maneno ambayo hakuyasema.

1.0 Utangulizi

Mwaka 494 KK jeshi la Uajemi liliuteka mji wa Miletus, uliokuwa na udugu wa karibu na Athens. Muda mfupi baadaye, mtunzi wa Athens aitwaye Phrynichus alitunga tamthiliya kuhusu anguko la mji huo na kuionyesha jukwaani. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kuwa hadhira nzima iliangua kilio. Badala ya kumtuza mtunzi, Waathens walimtoza faini ya drakma 1,000 kwa kosa la kuwakumbusha maafa yao wenyewe, kisha wakaamuru mchezo huo usionyeshwe tena na mtu yeyote.

Kisa hiki kilitokea takriban miaka 60 kabla ya kuzaliwa kwa Plato, na hakuna mwanafalsafa aliyehusika katika hukumu ile. Hata hivyo, ndani yake mna maswali yote ambayo falsafa ilikuja kuyauliza kwa utaratibu. Kwa nini watu wazima, wakijua kuwa wanatazama mchezo, walilia? Je, machozi yale yalikuwa na madhara au manufaa? Mtunzi alikuwa ametenda nini hasa: alitoa habari, alisema uongo, au aliunda kitu cha namna ya tatu ambacho si habari wala uongo? Na ni nani mwenye haki ya kumhukumu: hadhira, watawala, au mafundi wenzake?

Lengo la makala hii ni kufuatilia majibu ya maswali hayo kwa mpangilio wa kihistoria. Hoja inayotetewa ni kwamba tofauti kati ya Plato na Aristotle haieleweki vyema ikitazamwa kama ugomvi kati ya adui na rafiki wa sanaa. Inaeleweka ikitazamwa kama mabishano ya watu wawili walioichukulia sanaa kuwa jambo zito kiasi cha kuhusu uhai wa mji. Sehemu ya pili ya makala inachambua istilahi. Ya tatu inaeleza mjadala kabla ya Plato. Ya nne na ya tano zinawashughulikia Plato na Aristotle. Ya sita inafuatilia safari ya istilahi hadi kwenye Kiswahili.

2.0 Istilahi Kabla ya Nadharia

Lugha ya Kiyunani ya karne ya 5 na ya 4 KK haikuwa na neno moja linalolingana na sanaa kwa maana inayotumika leo, yaani fungu maalumu linalojumuisha ushairi, uchoraji, uchongaji na muziki na kuyatenga na kazi nyingine za mikono. Neno lililo karibu zaidi ni tekne. Tekne ilihusu useremala, ujenzi wa merikebu, utabibu, unahodha, uchongaji wa sanamu na utungaji wa mashairi. Sifa zake kuu zilikuwa tatu: ni ujuzi wa kuunda au kutenda jambo, una kanuni zinazoweza kufundishwa, na mwenye nao anaweza kueleza kwa nini anafanya anavyofanya.

Mtumiaji wa Kiswahili hana sababu ya kuuona mpangilio huu kuwa mgeni. Neno sanaa lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake unahusu kutengeneza na kazi ya ufundi. Neno fundi nalo humhusu mwashi, mshonaji na seremala, na bado msomaji husifu ufundi wa mshairi bila kuhisi kwamba amehamisha maana. Kwa hiyo, Plato anapomlinganisha mshairi na seremala au nahodha, halengi kumvunjia heshima kwa kumweka mahali pasipo pake. Anamweka pale ambapo lugha yake ilikuwa imekwisha kumweka, kisha anauliza swali ambalo kila fundi anapaswa kulijibu: unajua nini?

Istilahi nyingine mbili zinahitaji kutajwa. Ya kwanza ni musike, yaani fani za Muses, miungu wa kike wa ushairi na kumbukumbu. Musike haikuwa muziki peke yake, bali maneno, sauti, mdundo na mwendo wa mwili kwa pamoja, kama vile neno ngoma katika Kiswahili linavyoweza kumaanisha ala, uchezaji na hafla yenyewe. Ya pili ni mimesisi, ambayo wahakiki wa Kiswahili huiita mwigo. Neno hili la Kiyunani lilibeba maana kadhaa: kujifanya mtu mwingine kwa sauti na mwili, kufanana na kitu, na kukionyesha kitu kwa chombo cha aina nyingine. Mwigo katika matumizi ya kila siku ya Kiswahili hubeba lawama kidogo, kwani anayeiga hudhaniwa hana lake. Lawama hiyo inafaa kwa sehemu ya hoja ya Plato, lakini haifai kabisa kwa Aristotle, ambaye aliandika kuwa hata mpiga zumari na mcheza ngoma huiga tabia, hisia na matendo ya watu kwa njia ya mdundo. Hakuna awezaye kunakili hasira kwa zumari. Anaweza tu kuiumba upya katika sauti.

3.0 Ugomvi Kabla ya Plato

Katika kitabu cha X cha Jamhuri, Plato anasema kuwa kati ya falsafa na ushairi kuna ugomvi wa zamani. Ushahidi uliopo unamuunga mkono kwa kiasi. Xenophanes wa Colophon, aliyeishi kati ya karne ya 6 na ya 5 KK, aliwashutumu Homer na Hesiod kwa kuwabebesha miungu aibu za wanadamu: wizi, uzinzi na hadaa. Alieleza kuwa kila jamii huichora miungu kwa sura yake, na kwamba ng’ombe na farasi, kama wangekuwa na mikono, wangeichora miungu yenye umbo la ng’ombe na la farasi. Heraclitus naye alisema kuwa Homer alistahili kufukuzwa kwenye mashindano na kuchapwa.

Uzito wa mashambulizi hayo hauonekani mpaka ikumbukwe kazi ya mashairi katika Uyunani. Mashairi ya Homer hayakuwa burudani ya wasomi. Watoto waliyakariri shuleni, wazee waliyanukuu barazani, na miji iliyatumia kuthibitisha madai yake. Kumshambulia Homer kulikuwa kushambulia mtaala, historia na teolojia kwa pamoja. Ndiyo maana mgogoro haukuwa juu ya uzuri wa mashairi. Ulikuwa juu ya nani awe mwalimu wa Wayunani.

Mtazamo wa pili kabla ya Plato ulitoka kwa Gorgias wa Leontini, bingwa wa balagha aliyefika Athens kama balozi mwaka 427 KK. Katika hotuba yake ya kumtetea Helen, Gorgias alidai kuwa neno ni mtawala mwenye nguvu, ambalo kwa mwili mdogo usioonekana hutenda mambo makubwa: huondoa hofu, huleta furaha na kukuza huruma. Ushairi kwake ni usemi wenye mizani, na anayeusikia hutetemeka na kutokwa machozi kwa ajili ya bahati na maafa ya watu wengine. Aliufananisha uwezo wa usemi juu ya nafsi na uwezo wa dawa juu ya mwili: nyingine huponya, nyingine huua. Kutokana na maandishi ya Plutarch inajulikana pia kuwa Gorgias aliiita tanzia hadaa ambayo ndani yake anayehadaa ni mwenye haki kuliko asiyehadaa, na anayehadaika ana hekima kuliko asiyehadaika. Huruma, hofu, dawa, na udanganyifu wenye manufaa: msamiati ambao Plato na Aristotle wangeutumia ulikuwa tayari umewekwa mezani.

Jukwaa lenyewe halikunyamaza. Katika Vyura, tamthiliya ya Aristophanes iliyoonyeshwa mwaka 405 KK wakati Athens ikikaribia kushindwa vitani, Aeschylus na Euripides, wote marehemu, wanashindana kuzimuni ili mmoja arudishwe duniani kuuokoa mji. Wanabishana kuhusu mizani na muziki, lakini wanakubaliana kuwa mshairi husifiwa kwa ustadi na kwa kuwafanya raia kuwa bora. Wazo kwamba sanaa inawajibika kwa mji, kwa hiyo, halikubuniwa na wanafalsafa. Lilikuwa imani ya watunzi wenyewe, na Plato aliwahukumu kwa kipimo walichojichagulia.

4.0 Plato: Ujuzi, Nafsi na Mji

Plato alizaliwa takriban mwaka 428 KK. Alishuhudia kushindwa kwa Athens na, mwaka 399 KK, kuuawa kwa mwalimu wake Socrates. Katika Utetezi, Socrates anawaambia mahakimu kuwa chuki dhidi yake ilikuwa imepandwa miaka mingi kabla, na anaitaja tamthiliya ya Aristophanes iliyomwonyesha akining’inia hewani na kusema upuuzi. Mchezo huo, Mawingu, ulionyeshwa mwaka 423 KK, miaka 24 kabla ya kesi. Mmoja wa washtaki, Meletus, anaelezwa kuwa alisimama kwa niaba ya washairi. Suala la nguvu ya jukwaa juu ya fikra za watu halikuwa nadharia tupu kwa Plato. Alikuwa ameona kicheko cha ukumbini kikigeuka, miaka baadaye, kuwa kura ya mahakamani.

4.1 Mshairi na ujuzi

Katika mjadala mfupi uitwao Ion, Socrates anamhoji mghani kutoka Ephesus aliyebobea katika mashairi ya Homer. Ion anakiri kuwa anaweza kumfafanua Homer peke yake, si washairi wengine. Socrates anaona hapo dalili kuwa Ion hana tekne, kwa sababu mwenye tekne huifahamu fani yake yote. Anatoa mfano wa sumaku: Muse humvuta mshairi, mshairi humvuta mghani, na mghani huivuta hadhira, kama pete za chuma zinavyoning’inia moja chini ya nyingine kwa nguvu isiyokuwa yake. Mfano huu una sifa na lawama kwa pamoja. Mshairi anapewa asili ya kiungu, lakini ananyang’anywa ujuzi. Anasema mambo makubwa asiyoweza kuyaeleza.

4.2 Elimu ya walinzi

Katika vitabu vya II na III vya Jamhuri, swali linahama kutoka kwa mshairi kwenda kwa mtoto anayemsikiliza. Plato anajenga mji wa mfano na kuuliza walinzi wake waleleweje. Jibu lake ni kwamba wafunzwe musike kwanza, kwa kuwa nafsi changa hupokea chapa yoyote inayogandamizwa juu yake. Kutokana na hilo anatoa masharti: miungu isionyeshwe ikitenda uovu, mashujaa wasionyeshwe wakiomboleza bila kiasi, na miondoko ya muziki ya kuhuzunisha na ya kulegeza iondolewe, ibaki ile ya Kidori na ya Kifrigia. Anatofautisha pia masimulizi ambamo mtunzi anasema kwa sauti yake na yale ambamo anajifanya mtu mwingine. Hofu yake ni kwamba anayeigiza mwoga kila mara huishia kuwa mwoga, kwani mwigo unaoanza utotoni huwa tabia.

Ni muhimu kuona kuwa hapa Plato haipingi sanaa. Anaeleza kuwa kijana aliyekulia katika mdundo mzuri na maumbo mazuri huutambua ubaya na kuukataa hata kabla hajaweza kutoa sababu, na sababu inapokuja huipokea kama ndugu anayemfahamu. Hakuna mtetezi wa sanaa wa zama hizo aliyeipa elimu ya sanaa nafasi kubwa kuliko hiyo. Udhibiti wake unatokana na heshima hiyo: kitu kinachoiunda nafsi hakiwezi kuachwa bila mwangalizi.

4.3 Vitanda vitatu na machozi ya ukumbini

Kitabu cha X kinaleta shutuma mbili nzito zaidi. Ya kwanza inahusu ujuzi. Kuna vitanda vitatu: umbo halisi la kitanda, ambalo ni kazi ya Mungu, kitanda anachokitengeneza seremala kwa kulitazama umbo hilo, na kitanda cha mchoraji, ambacho kinaonyesha tu jinsi kitanda cha seremala kinavyoonekana kutoka upande mmoja. Mshairi ni kama mchoraji. Anaandika kuhusu vita bila kuwa jemadari na kuhusu tiba bila kuwa tabibu. Socrates anauliza ni mji gani uliowahi kutawaliwa vyema kwa sababu ya Homer, au vita gani vilivyoshindwa kwa uongozi wake.

Shutuma ya pili inahusu hisia, nayo ndiyo anayoiita kubwa zaidi. Mtu mwema aliyefiwa na mwanawe hujizuia mbele za watu, kwa sababu akili na desturi humtaka avumilie. Lakini mtu huyohuyo akienda kutazama tamthiliya, humwona shujaa akilia na kujipiga kifua, na badala ya kuona aibu hufurahia na kumsifu mtunzi. Hudhani kuwa hana cha kupoteza, kwa sababu huzuni ni ya mwingine. Plato anasema amekosea: sehemu ya nafsi aliyoilisha huko ukumbini ndiyo ileile itakayomtawala siku ya msiba wake. Ushairi humwagilia maji hisia zilizopaswa kukaushwa.

Hata hivyo, mlango haukufungwa kabisa. Nyimbo za kuisifu miungu na sifa za watu wema zinaruhusiwa. Kisha Plato anatoa mwaliko: wapenzi wa ushairi ambao si washairi wenyewe wasimame na kuutetea kwa lugha ya nathari, waonyeshe kuwa haupendezi tu bali una manufaa kwa mji na kwa maisha ya binadamu. Wakithibitisha hilo, utapokewa kutoka uhamishoni.

4.4 Sheria na mfano wa Misri

Katika Sheria, kazi ya uzee wake, Plato anaendelea na suala hilo kwa sauti ya mtunga sheria. Anaisifu Misri kwa kuwa iliweka kanuni za maumbo na nyimbo, ikaziandika katika mahekalu, na kuwakataza wasanii kuzibadili, kiasi kwamba kazi za zamani sana na za wakati wake zilikuwa za namna moja. Kauli hii inaeleza zaidi matamanio ya Plato kuliko historia ya sanaa ya Misri, ambayo ilibadilika kwa kiasi kikubwa kati ya enzi moja na nyingine. Lakini inadhihirisha alichokiogopa Athens: hadhira inayopiga kelele ndiyo iliyokuwa hakimu wa uzuri, na kutoka kwenye utawala wa ukumbi, kama alivyoona, ukazaliwa utovu wa heshima kwa sheria zenyewe. Katika kitabu cha VII anawajibu watunzi wa tanzia wanaoomba kuingia mjini kwa kusema kuwa watunga sheria nao ni washairi, na tanzia yao iliyo bora ni katiba. Mwanasiasa na msanii ni washindani katika kazi moja, kazi ya kuyaiga maisha yaliyo bora.

5.0 Aristotle: Jibu la Mwanafunzi

Aristotle alizaliwa Stagira mwaka 384 KK, akajiunga na Akademia ya Plato akiwa na miaka 17, na kukaa humo takriban miaka 20. Poetika, kitabu kifupi kinachoonekana kuwa maandalizi ya mihadhara, hakimtaji Plato kama mpinzani. Lakini muundo wa hoja zake unaonyesha kuwa mwaliko wa kitabu cha X ulikuwa umesikika. Ni utetezi wa nathari, uliotolewa na mtu asiyekuwa mtunzi wa tamthiliya, unaoshughulikia shutuma zote mbili.

5.1 Mwigo na ujuzi

Aristotle anakubali kuwa ushairi ni mwigo, kisha anaugeuza mwigo kuwa sifa. Binadamu, anasema, ndiye kiumbe anayeiga kuliko wote, na masomo yake ya kwanza huyapata kwa kuiga. Hufurahia picha hata za vitu ambavyo akiviona kwa macho vingemchukiza, kama maiti na wanyama wa kutisha. Sababu ni kwamba mtazamaji hujifunza: hutambua kuwa hiki ni kile. Furaha ya sanaa, kwa hiyo, ni ndugu wa furaha ya falsafa, ingawa ina kiwango chake.

Jibu linakamilika katika sura ya 9. Mwanahistoria na mshairi hawatofautiani kwa kuwa mmoja huandika nathari na mwingine mashairi. Kazi ya Herodotus ingetiwa mizani ingebaki kuwa historia. Tofauti ni kwamba mmoja hueleza yaliyotokea na mwingine hueleza yanayoweza kutokea kwa mujibu wa ulazima au uwezekano. Kwa sababu hiyo ushairi una falsafa na uzito zaidi kuliko historia, maana husema juu ya mambo ya jumla. Hapa swali la Plato kuhusu jemadari na tabibu linapoteza makali. Mshairi hahitaji tekne ya kila mhusika wake. Tekne yake ni ya kuona namna tendo moja linavyozaa jingine, na ndiyo maana msuko, si mhusika wala maneno matamu, ndio roho ya tanzia.

5.2 Huruma, hofu na katharsisi

Shutuma ya pili inajibiwa katika fasili maarufu ya sura ya 6. Tanzia ni mwigo wa tendo zito, kamili na lenye ukubwa wa kutosha, kwa lugha iliyopambwa, kwa utendaji na si kwa masimulizi, ambao kupitia huruma na hofu hukamilisha katharsisi ya hisia za namna hiyo. Neno katharsisi halifafanuliwi popote katika sehemu ya Poetika iliyosalia. Katika Siasa, Aristotle anaahidi kulieleza katika maandishi yake kuhusu ushairi, lakini maelezo hayo hayamo katika yaliyotufikia.

Wafasiri wamegawanyika. Baadhi, akiwemo Lessing katika karne ya 18, waliiona kuwa utakaso wa kimaadili unaozifanya hisia ziwe za kadiri. Jacob Bernays, mwaka 1857, aliitafsiri kitabibu, kama dawa inayoondoa kilichozidi mwilini. Katika karne ya 20 wakajitokeza walioiona kuwa ufafanuzi wa kiakili, yaani hisia kuwa wazi na kueleweka. Tafsiri ya Bernays inapata nguvu kutoka kitabu cha VIII cha Siasa, ambamo Aristotle anaeleza kuwa watu waliopagawa hutulizwa na nyimbo takatifu kana kwamba wametibiwa. Hata hivyo, tafsiri hiyo pekee inamfanya mtazamaji kuwa mgonjwa, wakati Aristotle katika kazi zake za maadili anashikilia kuwa kuhisi inavyopasa, wakati unaopasa na kwa watu wanaopasa ni sehemu ya wema. Linaloweza kusemwa kwa uhakika ni hili: kinyume na Plato, Aristotle haamini kuwa hisia hukauka kwa kunyimwa. Huruma na hofu zina nafasi yake katika maisha mema, na tanzia huzipitisha katika umbo lenye mpangilio.

5.3 Mipaka ya utetezi

Je, Aristotle aliiweka sanaa huru na maadili na siasa? Sura ya 25 ya Poetika inasema kuwa usahihi wa ushairi si sawa na usahihi wa siasa, na kwamba mchoraji asiyejua kuwa paa jike hana pembe ana kosa dogo kuliko anayemchora asitambulike. Kauli hii imewafanya baadhi ya wahakiki wamsome kama mwasisi wa wazo la sanaa kwa ajili ya sanaa, ambalo ni zao la Ulaya ya karne ya 19.

Usomaji huo hauwezi kusimama mbele ya Siasa. Katika kitabu cha VII Aristotle anamtaka mtunga sheria afukuze mjini lugha chafu, azuie picha na michezo isiyo na staha, na asiwaruhusu vijana kutazama futuhi kabla ya umri wa kuketi karamuni. Katika kitabu cha VIII anashauri vijana waangalie picha za Polygnotus, si za Pauson, na anaikataa zumari katika elimu yao kwa kuwa huchochea hisia badala ya kujenga tabia. Mwanafunzi hakuufuta udhibiti wa mwalimu wake. Aliuwekea mipaka ya umri na mahali. Mtoto analindwa, mtu mzima anaruhusiwa kulia.

6.0 Istilahi Safarini

Mjadala huu haukukifikia Kiswahili kwa njia moja. Katika karne ya 10, huko Baghdad, Abu Bishr Matta ibn Yunus aliifasiri Poetika kwa Kiarabu kutoka Kisiriaki. Akiwa hana jukwaa la tamthiliya katika utamaduni wake, aliifasiri tanzia kuwa madihi, yaani ushairi wa sifa, na futuhi kuwa hijai, yaani ushairi wa kukashifu. Ibn Rushd, katika karne ya 12, alijenga ufafanuzi wake juu ya istilahi hizo, na ufafanuzi huo ukafasiriwa kwa Kilatini mwaka 1256. Fasiri hiyo mara nyingi hutajwa kama kosa. Lakini haikuwa bila msingi, kwani Aristotle mwenyewe, katika sura ya 4, anasema ushairi ulianza kwa kugawanyika kati ya sifa na kashfa.

Kiswahili nacho kimechagua neno tanzia, ambalo katika maisha ya kila siku ni taarifa ya msiba. Uchaguzi huu una nguvu, kwa sababu unaitanguliza huzuni ya jamii. Una hatari pia, kwa sababu humfanya mwanafunzi atarajie kifo. Tamthiliya ya tatu katika utatu wa Aeschylus wa mwaka 458 KK inaisha kwa upatanisho, na Euripides ana tanzia ambamo ndugu wanatambuana kabla kisu hakijashuka. Katika sura ya 14 ya Poetika, Aristotle anauweka utambuzi wa namna hiyo juu kabisa. Kiini cha tanzia kwake ni tendo zito linalozaa huruma na hofu, wala si maiti. Mtafiti anayepima tamthiliya ya Kiswahili kwa idadi ya vifo vyake, kisha akamtaja Aristotle, amepima kwa neno la Kiswahili na kumsingizia Myunani.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa mjadala wa Wayunani kuhusu sanaa ulianza kama shindano la nani amlee raia, na kwamba Plato na Aristotle walibishana wakiwa wamesimama juu ya msingi mmoja. Wote waliamini kuwa sanaa hutenda jambo ndani ya mtu. Plato aliona kuwa hutenda bila ujuzi na bila kibali cha akili, na akadai utetezi. Aristotle aliutoa: mwigo hufundisha, na hisia zikipewa umbo hazibomoi. Anayemtaja mmoja kama adui wa sanaa na mwingine kama rafiki yake ameliacha swali lenyewe, ambalo ni nguvu hiyo itumikeje na nani aisimamie.

Kesi ya Phrynichus inaweza sasa kusomwa upya. Plato angeona katika kilio kile ushahidi wa hoja yake. Aristotle hakuijadili, lakini katika Balagha aliacha kipimo kinachoihusu. Anataja kisa cha mfalme wa Misri ambaye hakulia mwanawe alipopelekwa kuuawa, lakini alilia alipomwona rafiki yake akiomba sadaka: lililo karibu mno halizai huruma, bali kitisho tupu. Mwaka 472 KK Aeschylus alionyesha Waajemi, tamthiliya kuhusu vita vya Salamis vya mwaka 480 KK, vilivyokuwa bado hai katika kumbukumbu ya hadhira. Lakini aliiweka katika ikulu ya adui, na Waathens wakatazama maombolezo ya waliokuwa wameuchoma mji wao. Alipewa tuzo ya kwanza. Kati ya faini na tuzo hakukuwa na tofauti ya ukweli wa habari, wala ya wingi wa machozi jukwaani. Kulikuwa na umbali, na umbali huo ndio kazi ya fundi.